Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "get", kitenzi cha Kiingereza kisichotulia

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha Kiingereza na kutafsiri, na kama kuna neno linalonirudia mezani kila wiki ni hili la herufi tatu. Wanafunzi hawaliogopi. Wanaogopa maneno marefu, wanayakariri, wanayaweza. Hili wanalipita kwa kuwa wanadhani wanalijua, kisha linawaangusha. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ninayoulizwa hasa, pamoja na machache ambayo ningependa niulizwe.

"Get" maana yake ni nini hasa?

Jibu la haraka ni kupata. Litakutosha kwenye "I got a letter" au "Where did you get that bag?", halafu litakukwamisha kwenye sentensi inayofuata. Ukitaka maana moja inayobeba nyingi zaidi, ichukue hivi: "get" inasema kwamba mtu au kitu kimetoka kwenye hali moja kikaingia nyingine. Hakuwa nacho, sasa anacho. Hakuwa pale, sasa yupo. Hakuwa mgonjwa, sasa anaumwa. Alikuwa haelewi, sasa kaelewa. Hali yenyewe inaelezwa na "have" na "be"; "get" inaeleza ile hatua ya kuiingia.

Tazama mfano huu: "I got up at six, got dressed, got the children ready, got to the station late, got on the wrong train and got home at ten." Kwa Kiswahili: niliamka saa kumi na mbili, nikavaa, nikawaandaa watoto, nikachelewa kufika stesheni, nikapanda treni isiyo yangu, nikaingia nyumbani saa nne usiku. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja mara sita. Sisi tumetumia vitenzi tofauti kila mara, na "pata" haikutokea hata mara moja.

Je, ndicho kitenzi chenye maana nyingi kuliko vyote vya Kiingereza?

Hapana, ingawa kimo kwenye orodha ya wazito. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lile la majuzuu 20 lililotoka mwaka 1989, aliyeongoza alikuwa "set", na maana 430 kwa kitenzi peke yake. Kamusi hiyo ilipoanza kuandikwa upya, "set" akapitwa na "make", kisha "put", na mwaka 2011 "run" akafikishwa maana 645. Ona kwamba wote hao ni maneno mafupi ya kila siku. Neno likitumika sana huchakaa kingo, na likichakaa kingo huingia popote.

Limetoka wapi?

Kaskazini. Watu wa Skandinavia, Waviking, walianza kuivamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, na katika karne ya 9 wakaanza kulowea upande wa kaskazini na mashariki wa nchi. Walikuja na neno "geta", kupata. Waliacha maneno mengine ambayo leo hakuna anayeyaona mageni: "take", "they", "egg", "knife", "window".

Kiingereza cha kale kilikuwa tayari na ndugu wa neno hilo, lakini ndugu huyo hakusimama peke yake; aliishi ndani ya maneno mengine. Mawili kati ya hayo tunayo hadi leo. "Beget" ni kuzaa, na "forget" ni kusahau. Hilo la pili hunifurahisha: ukilifumua, ndani yake mna wazo la kuachia kitu ulichokuwa umekishika. Na huko Iceland, ambako lugha haikubadilika sana, "geta" siku hizi maana yake ya kawaida ni kuweza. Likumbuke hilo, litatufaa tutakapofika kwenye "get to".

Nikitafsiri "pata" kila mahali nitakosea?

Utakosea mara nyingi, lakini si mara nyingi kama walimu wengine wanavyokutisha. "Pata" nayo si neno jepesi, na inaandamana na "get" umbali ambao wengi hawautarajii.

Ugonjwa: "She got malaria", alipata malaria. Kuelewa: "I get you", nimekupata. Kusikia kwenye simu: "Sorry, I didn't get that", samahani, sijakupata hapo. Nafasi ya kufanya jambo: "We got to meet the author", tulipata kuonana na mwandishi. Hata kuwa na uhusiano mzuri: "They get along" ni wanapatana, na hiyo "patana" ni "pata" ileile iliyonyambuliwa. Jambo la ajabu likimtokea mtu, Mwingereza huuliza "What's got into him?", nasi tunauliza "Kapatwa na nini?"

Zinapoachana, huachana kabisa. Kisu kikali kwa Kiswahili kinapata, na kikiwa butu tunasema hakipati. Mwambie Mwingereza "this knife gets" uone atakavyokutazama. Nao wakisema "get off the bus", "get ready" au "get going", ukiweka "pata" hapo sentensi haisimami. Kwa hiyo usiitupe "pata". Ijaribu kwanza, ikigoma jiulize kwa nini imegoma. Majibu mengi yaliyobaki kwenye ukurasa huu ni sababu za huko kugoma.

Nitajuaje ni maana gani imekusudiwa?

Usilitazame neno lenyewe, tazama kilicholifuata.

Ikifuata nomino, mara nyingi ni kupata, kupokea, kununua, kuleta au kuugua. "Get me a chair" ni niletee kiti. "I got these shoes yesterday" huenda ni nilinunua. Ikifuata sifa, kama "old", "angry" au "dark", ni kubadilika na kuwa hivyo. Yakifuata mahali, ni kufika. Kikifuata kitenzi katika umbo la tatu, kama "broken", "paid", "arrested", ni kutendwa au kutendeka. Ikifuata "to" na kitenzi, ni kupata nafasi, au kufikia hatua fulani. Na kikifuata kineno kama "up", "over", "off", "by", basi umeingia msituni, na huko kila njia ina mwenyewe.

Mwanafunzi anayejua haya sita anajua zaidi kuliko aliyekariri maana arobaini.

Kwa nini "get tired", "get old", "get fat" hazina "pata" wala "kuwa"?

Kwa sababu Kiswahili hakihitaji msaidizi hapo. Kiingereza kina sifa, "tired", kisha kinatafuta kitenzi cha kuisukuma iingie kwa mtu. Sisi tuna kitenzi kizima: kuchoka. Vivyo hivyo kuzeeka, kunenepa, kukasirika, kulewa, kulowa, kupoa, kuiva. Kila kimoja kwa Kiingereza ni "get" na sifa yake.

Hapa ndipo penye kosa ambalo halionekani kama kosa. Mtu anasema "I am tired" kwa kila kitu, kwa kuwa "nimechoka" ameizoea kuitafsiri hivyo. Ni sahihi: "-me-" yetu inaeleza kwamba uchovu umeshaingia na bado upo. Lakini uchovu ukiwa ndio unaingia, tunasema "naanza kuchoka", na Mwingereza anasema "I'm getting tired." Kukiwa kunaingia giza, "It's getting dark." Ukiandika "It is dark", umeshalizamisha jua.

"Get" na "become" si kitu kimoja?

Karibu. "Become" ni ya maandishi na hukubali nomino: "She became a doctor." Huwezi kusema "She got a doctor" ukimaanisha alisomea udaktari, hiyo maana yake alimpata daktari wa kumtibu.

"Got" au "gotten"?

Inategemea uko upande gani wa Atlantiki. Uingereza husema "get, got, got". Marekani husema "get, got, gotten". Wapo wanaodhani "gotten" ni uharibifu wa Wamarekani, kumbe ndiyo ya zamani. Imo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale Hawa anapomzaa Kaini na kusema "I have gotten a man from the Lord." Waingereza ndio walioacha kuitumia kwao, ikabaki ng'ambo. Na hata wao hawakuiacha yote: bado wanasema "forgotten", na mali ya wizi bado wanaiita "ill-gotten".

Mmarekani hatumii "gotten" ovyo, anaitumia kutofautisha. "I've got a car" ni nina gari. "I've gotten a car" ni nimepata gari, yaani tukio limetokea. "I've got to go" ni lazima niondoke, na "I've gotten to go" ni nimebahatika kwenda. Mwingereza hana tofauti hii katika umbo la neno, anategemea muktadha. Chagua upande mmoja na ubaki nao katika andiko moja.

"I've got" ni wakati uliopita?

Kwa umbo ndiyo, kwa maana sivyo. "I've got two brothers" ni nina kaka wawili, sasa hivi. Ilianza kama "nimepata", na aliyekwisha kupata kitu anacho. Kiswahili kinaijua njia hiyo vizuri. Tunasema "amevaa kofia" tukimaanisha kofia iko kichwani sasa, na "amekaa" tukimaanisha yuko kitini.

Swali linaloulizwa kwa "Have you got a pen?" hujibiwa "Yes, I have." Linaloulizwa kwa "Do you have a pen?" hujibiwa "Yes, I do." Ukivichanganya utaeleweka, lakini sikio la mwenye lugha litashtuka. Na ukitaka kusema ulikuwa na kitu zamani, iache "got" kabisa: "I had a bicycle."

Na "I've got to"?

Ni lazima, sharti, huna budi. Katika mazungumzo huviringwa ikawa "gotta". Usiiandike hivyo isipokuwa unanukuu maneno ya mtu au unamwandikia rafiki ujumbe.

"Get to" mara ni kufika, mara ni kupata nafasi. Nitatofautishaje?

Tazama tena kilichofuata. Yakifuata mahali, ni kufika: "We got to the hotel at midnight." Kikifuata kitenzi, ni kupata nafasi, kujaliwa, kubahatika: "I finally got to see the sea", hatimaye nikajaliwa kuiona bahari. Hii ndiyo "geta" ya watu wa Iceland, na ndiyo "pata" yetu katika "hajapata kupanda ndege". Hapa lugha tatu zimefikia wazo moja: kupata nafasi na kuweza ni majirani.

Kuna ya tatu, yenye harufu ya polepole. "As I got to know him" ni kadiri nilivyozidi kumfahamu. Hakuna bahati humo, kuna muda unaopita.

Kwa nini ni "get to school" lakini "get home" bila "to"?

Kwa sababu "home", "here" na "there" tayari zina maana ya mahali ndani yake, kama "nyumbani" ilivyobeba "-ni" yake. Hatusemi "nimefika kwenye nyumbani". Nao hawasemi "get to home".

"The cup was broken" na "The cup got broken" zina tofauti gani?

Swali zuri, na Mswahili analielewa haraka kuliko wengi kwa sababu analo jibu kwenye viambishi vyake. Chukua kikombe kilicho vipande viwili sakafuni. "The cup was broken" inaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza, nilipoingia nilikikuta tayari kimevunjika. Ya pili, kuna mtu alikivunja. Mwingereza mwenyewe hajui ni ipi mpaka asikie sentensi nyingine. "The cup got broken" inaondoa ile ya kwanza: inasema kuna wakati tukio lilitokea. Aliyevunja, mara nyingi, amefichwa.

Sisi tuna "kilivunjwa", yupo mvunjaji, na "kilivunjika", tunakitazama kikombe tu. Mtoto aliyeangusha kikombe anajua vizuri achague ipi. Mtoto wa Kiingereza atasema "It got broken", na mama yake ataelewa yote. Usiseme basi kwamba "get" ni "-ik-" moja kwa moja, maana "He got bitten by a dog" ni aling'atwa na mbwa, na mbwa kasimama palepale hakufichwa. Lakini roho ya "got" katika sentensi hizi iko kwenye tukio na aliyepatwa nalo, si kwa mtendaji.

Jambo jingine: "get" ya namna hii hupenda habari za heri au shari. "He got fired", "She got promoted", "They got invited". Daraja lililojengwa mwaka 1950 "was built". Hakuna anayesema "got built", labda awe amechoka kulisubiri.

Simu yangu imeibwa. Nasemaje?

Nimelitenga swali hili kwa sababu nimelisikia kosa lake mara nyingi mno. Kiswahili kinasema "nimeibiwa simu", na mtu anaibeba hivyohivyo: "I was stolen my phone." Wengine huikata ikabaki "I was stolen", na hapo wamejitangaza kuwa wao wenyewe ndio waliobebwa na mwizi. Sema "My phone got stolen", au "I got my phone stolen", au "Someone stole my phone". Ya kwanza ndiyo inayotoka mdomoni kwa urahisi.

"I got my hair cut": kwa nini nisiseme tu "I cut my hair"?

Unaweza, kama mkasi ulikuwa mkononi mwako. Kiswahili ni chepesi hapa. Tunasema nimekata nywele, nimeng'oa jino, nimeshona suti, na hakuna anayedhani tulifanya wenyewe. Kiingereza kinataka kujua nani alishika kifaa. "I pulled out my tooth" humfanya msikilizaji akuone umesimama mbele ya kioo na koleo. Ukienda kwa daktari, sema "I got a tooth pulled out."

Mpangilio wake haubadiliki: "get", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu. "Get the car fixed", peleka gari likatengenezwe. "Get your eyes tested", kapime macho. Ukivibadilisha nafasi ukasema "I got cut my hair", sentensi inavunjika.

Na "I got him to help me"? Ni sawa na "I made him help me"?

Si sawa, na tofauti yake ni ya heshima. "I made him wait" ni nilimlazimisha angoje. "I had him wait" ni nilimwagiza, nina mamlaka naye. "I let him wait" ni nilimwacha, alitaka mwenyewe. "I got him to wait" ni nilimbembeleza, nilimshawishi, nilitumia akili, na mwishowe akakubali. Ndani ya "get" hii mna jitihada kidogo na mna mtu aliyeweza kukataa.

Kiswahili kikisema "nilimsubirisha" hakisemi ni kwa njia gani. Ukitaka njia itokeze lazima uongeze maneno. Kwa hiyo mtafsiri akikutana na "got him to", akiandika "alimfanya" tu, kapoteza nusu ya habari.

Na usisahau "to". Ni "got him to wait", lakini "made him wait" bila "to". Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni desturi, na sitaona haya.

"Get married" ni kuoa au kuolewa?

Yote, na kuoana pia. "She got married" ni aliolewa, "He got married" ni alioa, "They got married" ni walioana. Kiingereza kimeyatia matatu kapu moja, na ni kazi ya mtafsiri kuyatoa. Ukitaja mwenzi, kihusishi ni "to", si "with": "She got married to a teacher."

"Get in" au "get on"?

Garini dogo unaingia: "get in the car", na kutoka ni "get out of the car". Basi, treni, ndege na meli ni "get on" na "get off". Kanuni inayofanya kazi mara nyingi ni hii: chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia juu kama farasi, baiskeli na pikipiki, kinachukua "on". Unachojikunja kuingia, kama teksi, kinachukua "in". Sisi tuna "panda" na "shuka" kwa vyote, na sioni aibu kusema mfumo wetu ni bora zaidi.

Vipi "get over", "get by", "get away with" na wenzao?

Hivi ni vya kujifunza kimoja kimoja, kila kimoja na sentensi yake. Nitakupa vile vinavyowasumbua watu hasa.

"Get over" ni kupona, kwa mafua na kwa mapenzi pia. "He never got over her" ni hakuwahi kumtoa moyoni. Lakini "I can't get over how much you've grown" ni ya furaha: siishi kushangaa ulivyokua.

"Get by" ni kujikimu, kusukuma siku. Mtu akikujibu "We get by", anakwambia si vizuri sana, ila hatulali njaa.

"Get away with" haina neno moja la Kiswahili, nami nimelitafuta. Ni kufanya kosa na lisikupate la kukupata. "He got away with it": kafanya, na hakufanywa kitu. Mara nyingine "kaponyoka" inatosha, mara nyingine "imempitia hivyohivyo". Hii ndiyo ninayoiandika upya zaidi ya mara moja katika kila kazi.

"Get round to" ni kupata wasaa, na ona "pata" imerudi: "I never got round to reading it", sikupata wasaa wa kukisoma. "Get through" kwenye simu ni kumpata mtu hewani. "What are you getting at?" ni una maana gani, maneno yako yanaelekea wapi, na humo mna shuku. Na mzee akielezwa "He's getting on", hapandi kitu chochote: umri umekwenda.

"I'll get it" ni nini? Kila mara naisikia kwenye filamu.

Niliwahi kuona manukuu ya filamu ambamo simu ya mezani inalia, mama anainuka na kusema "I'll get it", na chini ya skrini pameandikwa "Nitaipata". Ungedhani simu imepotea. Maana yake ni acha, napokea mimi. Kengele ya mlango ikilia, ni nakwenda kufungua mimi. Mkiwa mezani mgahawani na bili ikaletwa, "I'll get this" ni nalipa mimi. Hiyo ujifunze kuitambua mapema.

Na "I'll get you"?

Angalia uso wa msemaji. Inaweza kuwa nitakuletea kitu, kama sentensi haijaisha. Ikiisha hapohapo, na meno yameumwa, ni utanitambua.

"Got it", "Gotcha", "You've got me there": zote ni kuelewa?

"Got it" ni nimeelewa, nimeipata. "Gotcha" ni "got you" iliyotamkwa haraka: ama nimekuelewa, ama nimekukamata, yaani nimekunasa kwenye mzaha. "You've got me there" ni kinyume cha kuelewa. Unakiri hapo umekwama, huna jibu.

Mbona Wamarekani wanapoitamka siisikii "t"?

Kwa sababu ikikaa katikati ya irabu mbili wanailainisha. "Get it" na "get up" masikioni mwetu zinakaribia "gerit" na "gerap". Kwetu "t" ni "t" popote ilipo, kwa hiyo tunaingojea na haiji. Huna haja ya kuiga. Ukisema "get up" kwa "t" iliyonyooka, kila mtu atakuelewa. Zoeza sikio tu.

Mwalimu ananikataza kutumia "get" kwenye insha. Ana haki?

Nusu. Katika barua ya kuomba kazi, ripoti au mtihani, "receive", "obtain", "buy", "arrive" na "become" husimama vizuri zaidi, na humwonyesha msomaji kwamba unajua ulichokusudia. "I got your letter" kwa rafiki, "I received your letter" kwa ofisi. Lakini ukiifukuza "get" kila mahali utaandika kama kamusi iliyopata homa. "I rose from my bed" badala ya "I got up" inafaa mashairi. Kwenye mazungumzo, anayeikwepa "get" husikika mgeni hata kama sarufi yake haina doa.

"Get lost" ni tusi?

"We got lost" ni tulipotea njia, haina ubaya. "Get lost!" ikiwa amri ni potelea mbali, na ni ukali, ingawa si matusi ya nguoni. Utaratibu wa kumfukuza mtu kwa "get" ni wa zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet anamwambia Ophelia "Get thee to a nunnery", nenda ukaishi na watawa.

Na "Get out of here!", rafiki yangu Mmarekani aliniambia nikiwa namsimulia habari njema. Niondoke?

Kaa. Kashangaa tu. Ni kama kukwambia "Acha wewe!" Endelea na hadithi yako.